Anayepanda juu ndiye mwenye neno la mwisho

Sisi ni familia ya sarakasi. Mume wangu ndiye wa chini, anayebeba. Mwanetu wa kwanza, wa kiume, husimama mabegani kwake. Binti yetu ndiye anayepanda juu kabisa, kwenye viti. Kitindamimba hupiga ngoma pamoja nami, na shule zikifungwa huendesha baiskeli ya tairi moja. Shemeji yangu ni dereva, fundi wa vyombo na msimamizi wa kamba. Mimi nashika maiki, nashika ngoma, nashika pesa.

Watu wakitukuta kwenye viwanja vya maonesho, hasa kina mama wenzangu, huniuliza kama siogopi kumwangalia mwanangu mwenyewe akipinda mgongo juu ya viti sita vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Naogopa. Sijawahi kuzoea, na mume wangu naye hajazoea. Tunachofanya ni kuipa hofu hiyo utaratibu, kwa kanuni moja tuliyoirithi ambayo bila hiyo nisingekubali mtoto wangu hata mmoja apande.

Kanuni ilitoka kwa mwalimu wa mume wangu, naye aliipata kwa waliomtangulia. Baada ya uhuru serikali ya Mwalimu Nyerere iliunda vikundi vya taifa vya sanaa, na mwaka 1965 ikapeleka vijana China wakajifunze sarakasi. Waliporudi mwaka 1969 ndipo kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Baadaye vikundi vile vilivunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981, chuo ambacho leo tunakiita TaSUBa, na ujuzi ukaendelea kutembea kwa njia hiyo, kutoka mtu hadi mtu, hadi ukafika kwenye viwanja vya mchanga vya Temeke ambako mume wangu alianza akiwa mtoto. Ndiyo maana ukitazama vijana wa mitaani wakifanya mazoezi jioni utaona viti, visahani juu ya fimbo na minara ya watu, mambo yenye asili ya Kichina kabisa, yakichezwa kwa ngoma zetu. Nafurahi sana kila ninapofikiri kwamba kazi inayonilishia watoto ilianza na vijana waliopelekwa mbali na serikali changa iliyoamini kwamba sanaa nayo ni sehemu ya kujenga nchi.

Kanuni yenyewe ni hii. Anayepanda juu ndiye mwenye neno la mwisho. Akihisi jambo lolote hagombani na mtu, hapigi kelele. Anagonga kiti mara mbili kwa kiganja, na hapo kazi ya kila aliye chini inageuka kuwa moja tu, kumshusha. Hatumuulizi mbele ya watu kuna nini. Usiku ule pia hatumuulizi, kwa sababu usiku kila mtu amechoka, mapato yamepungua, na maneno ya mtu aliyechoka huacha kidonda. Asubuhi, baada ya chai, ndipo tunakaa na kulizungumza. Na hata asubuhi, swali ni "ulihisi nini", si "kwa nini ulishuka".

Msimu wetu mkubwa ni Juni hadi Agosti. Sabasaba huanza tarehe 28 Juni kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na kuvuka siku yenyewe, 7 Julai, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Kwa familia kama yetu Sabasaba ni neema kwa sababu huanza wakati wa likizo ya shule, na ni nyumbani. Tunalala vitandani mwetu. Baada ya hapo huja Nanenane, tarehe 1 hadi 8 Agosti, na hapa ndipo mgeni wa kazi hii hushangaa. Nanenane hazipokezani. Siku zilezile inafanyika Morogoro, Arusha kwenye viwanja vya Themi, Dodoma kule Nzuguni, Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale, Lindi kule Ngongo, Mwanza kule Nyamhongolo. Huwezi kuwa kote. Unachagua kanda moja miezi kadhaa kabla, unatafuta mwenyeji, na ukishachagua umechagua. Wenzetu wa Kenya wana maonesho ya kilimo ya ASK yanayofuatana mji kwa mji, Nakuru mwanzoni mwa Julai, kisha Kisumu, kisha Mombasa, hadi Nairobi kwenye uwanja wa Jamhuri mwishoni mwa Septemba. Kikundi cha kule kinaweza kuyafuata kama treni inavyofuata stesheni. Sisi tuna Agosti moja tu, kwa hiyo kila kitu cha Agosti hiyo lazima kipangwe vizuri, hasa safari.

Kutoka Dar hadi Mbeya kwa Haisi yenye viti sita vya chuma, magodoro, jenereta, spika na watu wanaotakiwa kuruka, haiendwi kwa siku moja. Najua mabasi huenda kwa siku moja. Abiria wa basi akifika anakwenda kulala. Sisi tukifika tunatakiwa kupinda migongo, na mwili uliokunjwa kwenye gari kutwa nzima haupandi kiti kesho yake. Kwa hiyo tunalala njiani, Iringa au Mafinga. Tunapita Chalinze, Morogoro, kisha barabara ile inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, ambako shemeji hataki kabisa tufike giza limeingia kwa sababu ya wanyama. Ruaha Mbuyuni tunanunua vitunguu, maana huko tuendako tutajipikia. Halafu mlima Kitonga. Kitonga shemeji hutuomba sote tunyamaze. Malori yanapanda taratibu yakinguruma, mengine yameharibika pembeni yamewekewa matawi ya miti nyuma, na yeye anataka kuisikia injini. Tukifika juu ndipo mtu wa kwanza anaruhusiwa kusema neno, na mara nyingi ni binti yetu akiuliza kama Ilula tutasimama tununue nyanya.

Mbeya iko juu, kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi ni watu wa pwani. Siku ya kwanza pumzi haitoshi. Mwanangu wa kwanza, ambaye Dar anaweza kupiga samasoti mfululizo uwanja mzima, Mbeya anasimama katikati ya mfululizo ameshika magoti. Na Agosti kule ni baridi ya kweli. Misuli iliyopoa inachanika kirahisi. Kwa hiyo tunafika siku mbili kabla, tunafanya mazoezi mepesi, na kila kabla ya onesho tunapasha mwili moto kwa muda mara mbili ya ule wa Dar, tukiwa na masweta hadi dakika ya mwisho. Haya hayakuandikwa popote. Ukiwa na familia barabarani unayajua kwa kuwatazama watoto wako wanavyopumua.

Uwanja wa maonesho si jukwaa la ukumbini. Mtu aliyelipa kiingilio cha ukumbini amekuja kukuona wewe. Aliyeingia Sabasaba amekuja kuona matrekta, kununua sufuria, kuwapeleka watoto kwenye bembea za umeme, kula chipsi na mishikaki. Wewe uko njiani mwake tu. Nimejifunza kumheshimu kwa hilo, na heshima hiyo imebadilisha namna tunavyoanza. Hatutangazi saa ya onesho. Tunatandika magodoro, tunalaza kamba chini kwa duara, na watoto wangu wanaanza kujinyoosha kana kwamba hakuna anayewatazama. Mimi napiga ngoma taratibu. Wa kwanza kusimama ni watoto wadogo, daima. Nawaomba wakae chini, mbele kabisa, miguu nje ya kamba. Mtoto akishakaa, mama yake hana budi kusimama nyuma yake, na mama akisimama baba naye anaweka chini mfuko wa mchele alioununua. Duara linajijenga lenyewe kuanzia ndani kwenda nje. Ukianza na watu wazima hupati duara, utapata msitari wa watu walioegemea, tayari kuondoka.

Kabla ya hayo yote mume wangu anafanya jambo ambalo wapitaji wengi hawalioni. Anavua viatu na kutembea kiwanja chote peku, hatua ndogo ndogo, akitafuta kwa nyayo changarawe, vipande vya vigae, mashimo ya nguzo za mabanda ya mwaka uliopita. Kila anapogusa kitu anainama na kukiondoa. Kisha anaweka mpira chini, pale viti vitakaposimama, na kuuachia. Ukibingirika, anahamia sehemu nyingine. Anaurudia pembe nne. Viti vyetu vilichomelewa Gerezani, Dar, na fundi ambaye alimtaka mume wangu avikalie kimoja kimoja kabla ya kuvipaka rangi. Miguu ya kila kiti ina vikombe vya chuma vinavyoshika kiti cha chini, lakini hata chuma kizuri kiasi gani hakisawazishi ardhi iliyoinama. Nimemwona akikataa kiwanja chenye kivuli kizuri, karibu kabisa na lango, kwa sababu mpira ulibingirika kidogo tu. Mwenye eneo alitushangaa. Tulikwenda kwenye jua.

Kuhusu kelele. Kwenye maonesho kila banda lina spika, na mabanda makubwa yana spika kubwa kuliko gari letu. Mwanzoni vikundi vingi hujaribu kushindana, wanaongeza sauti, wanaazima amplifaya. Hakuna kikundi cha sarakasi nilichokiona kikishinda vita hiyo. Sisi tuliamua kwamba binti yetu akishika kiti cha tatu, ngoma inanyamaza na mimi naweka maiki chini. Watu waliokuwa wakipita wakizungumza huona duara la watu mia wamekaa kimya katikati ya zile kelele zote, na kimya hicho ndicho huwavuta kuliko tangazo lolote. Wanakuja kuuliza kwa kunong'ona, "kuna nini?" Huwa nawaonyesha juu kwa kidole.

Pesa, pale tusipokuwa tumekodiwa na banda lolote na tunategemea kutunzwa, nazikusanya kabla ya kiti cha mwisho. Ukisubiri mwisho, watu wanapiga makofi kwa moyo wote na kuondoka kwa moyo wote. Lakini sipendi mbinu ya kumsimamisha mtu hatarini huku bakuli likizunguka, nayo nimeiona ikifanywa. Binti yetu anakuwa bado chini, amesimama karibu yangu, anapaka poda nyeupe viganjani. Nawaambia watu kweli: huyu ni mwanangu, haya ndiyo maisha yetu, kilichobaki ni sehemu ngumu kuliko zote, anayeweza atutunze sasa. Wengi hutoa. Na yeye hupanda akiwa ametulia, hana haja ya kusubiri mtu yeyote amalize kuhesabu sarafu.

Mahali ninapopapenda kuliko pote katika mizunguko yetu ni Unguja wakati wa Idi. Kule sikukuu ina siku nne, na jioni watoto wote wanamiminika viwanjani, Mnazi Mmoja na kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, wakiwa na nguo mpya na miwani ya plastiki. Kibali cha upande ule hutolewa na BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar. Cheti chetu cha BASATA, baraza la sanaa la bara, hakitoshi, na huwa napeleka barua mapema kabla hata Ramadhani haijafika katikati. Mavazi nayo tunayabadilisha. Binti yetu huvaa suruali ndefu ya kubana chini ya gauni fupi la kitambaa kinachonyooka, mikono mirefu, na kilemba alichokishona mwenyewe, kimekaza kiasi kwamba hata akiwa kichwa chini hakisogei. Mara ya kwanza alivaa hivyo kwa ajili ya heshima ya mahali. Sasa huvaa hivyo kila aendako maana anasema kitambaa cha mikononi hunyonya jasho lisiteremke kwenye viganja.

Hadhira ya Idi ni watoto wenyewe, na wana pesa zao wenyewe, sikukuu waliyopewa na wajomba na mashangazi. Nakumbuka mtoto mmoja wa kike, labda miaka sita, gauni la manjano lenye tabaka nyingi, hina hadi kwenye viwiko. Alikuwa na sarafu mbili ngumini. Alitazama bembea. Alitazama mwuza aiskrimu. Alitutazama sisi. Akaenda hadi kwenye foleni ya bembea, akasimama, akageuka tena kumtazama binti yangu akipanda kiti cha pili, akarudi akakaa mbele ya kamba. Tulipomaliza alikuja moja kwa moja kwa binti yangu, akampa sarafu moja mkononi, akasema, "Dada, hii yako," akakimbia kuwahi bembea na ile nyingine. Hakuna mkataba wa banda lolote uliowahi kunifanya nijisikie kama nilivyojisikia pale. Mtoto yule alitupima na bembea ya umeme na akatupa nusu ya alichonacho.

Sasa nieleze Mbeya, mwaka 2023, mwaka ambao Nanenane ya kitaifa ilikuwa kule. Binti yetu alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, anasubiri chuo, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi wa masomo. Tulikodiwa na kampuni moja yenye banda kubwa. Walitaka mnara wa viti ufanyike tarehe 8, siku ya kilele, juu ya jukwaa lao, kwa muda wageni watakapokuwa wakipita. Jukwaa lilikuwa la mbao juu ya vyuma, zuri, limepambwa. Mume wangu aliweka mpira, haukubingirika. Alikagua mbao moja moja kwa miguu. Kila kitu kilikuwa sawa.

Upepo wa Mbeya ulikuwa umetulia asubuhi ile. Binti yetu alipanda kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, baba yake akimpa viti kwa ngazi, kaka yake upande wa pili. Alipokaa sawa juu ya kile cha tatu alinyanyua mkono kuomba cha nne, mkono ukasimama hewani. Akaushusha. Akagonga kiti mara mbili.

Alishuka. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo lilivyo, na kaka yake akaingia na samasoti ili kujaza muda. Ofisa wa kampuni alikuja nyuma ya jukwaa akiwa amekasirika sana. Alisema wageni walikuwa hatua chache tu, kwamba amelipia viti sita, na kwamba msichana apande tena. Mume wangu alimjibu kwa adabu kubwa, "Samahani sana, bosi. Yeye amesema hapana." Ofisa akaniangalia mimi, nadhani akitegemea mama atakuwa na jibu jingine. Nilimwambia hilohilo. Mwisho wa siku walitukata nusu ya malipo yaliyokuwa yamebaki. Tulipokea, tukatia saini, tukaondoka.

Usiku ule tulikula ugali na dagaa kwenye chumba cha gesti kule Uyole na hakuna aliyelitaja jambo lile. Halikuwa jepesi. Pesa ile ilikuwa tairi mbili za Haisi na ada. Mwanangu wa kwanza alifungua mdomo mara moja, baba yake akamtazama, akaufunga.

Asubuhi, baada ya chai, mume wangu akamuuliza binti yake alihisi nini. Akasema, "Baba, viti vilikuwa vinanguruma." Hatukumwelewa. Akaeleza kwamba kila ule muziki wa banda la pembeni ulipopiga besi, kitu kilipanda kupitia miguu ya viti hadi kwenye viganja vyake, na kila kiti kilichoongezwa kilikikuza. Kwenye cha kwanza aliona kama kutekenywa. Kwenye cha pili kikawa kama simu inayotetemeka mfukoni. Kwenye cha tatu viganja vilianza kuteleza juu ya poda. Cha nne asingekiweza.

Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha tukarudi uwanjani, ingawa shughuli zilikuwa zimekwisha na vijana walikuwa wakibomoa mabanda. Spika za jirani zilikuwa zimefungwa kwenye vyuma vilevile vilivyoshika jukwaa letu. Fundi mitambo wao, kijana mwema, alikubali kuwasha muziki kwa dakika moja. Mume wangu alijaza maji kwenye chupa iliyokatwa akaiweka katikati ya jukwaa. Uso wa maji ulijaa viduara vidogo vidogo, vikitoka katikati kwenda ukingoni, kila besi ilipopiga. Yeye alikuwa amesimama juu ya mbao zilezile siku moja kabla, kwa viatu vya mazoezi, uzito wote wa mwanaume mzima, na hakuhisi kitu. Binti yake, kilo 48, juu ya miguu kumi na miwili ya chuma, alihisi yote.

Hapo ndipo nilipoielewa kanuni ile kwa namna nyingine. Nilikuwa nikiichukulia kama ni huruma, kumpa mtoto njia ya kutoka akiogopa. Kumbe ni kwa sababu aliye juu anajua vitu ambavyo aliye chini hana namna ya kuvijua, hata awe na uzoefu gani, hata kama ni baba yake na ndiye aliyemfundisha.

Tangu hapo mkataba wetu una maneno mapya, na sijali tukionekana wasumbufu. Nusu ya malipo huingia kabla gari halijawashwa. Iliyobaki hulipwa siku ya onesho, kabla ya kupanda. Spika haziruhusiwi kugusa jukwaa. Na kuna sentensi inayosema wazi kwamba idadi ya viti inaamuliwa na anayepanda, wakati wa kupanda. Waajiri wawili watatu walishaisoma sentensi hiyo wakaturudishia karatasi. Wengine wameisoma, wakanyamaza kidogo, wakasaini, na hao ndio tunaofanya nao kazi hadi leo. Nawashauri vijana wenye vikundi: usione haya kudai mkataba wa maandishi kwa sababu eti wewe ni msanii wa viwanjani. Mwenye banda amesaini karatasi ya tenti, ya jenereta, ya viti vya plastiki. Atasaini na ya mwanao.

Nyumbani, maana hata tukiwa barabarani nyumba ni nyumba, tunagawana hivi: kwanza gari, kisha vyombo, kisha chakula na malazi, na kinachobaki kinagawanywa sawa kwa kila mtu mzima, dereva kama mpandaji. Ya binti yetu huingia kwenye simu yake tangu alipoanza kulipwa. Kuna ndugu walioniambia kwamba mtoto akishika pesa mapema ataharibika, na kwamba mapato ya mtoto ni ya wazazi. Sikukubaliana nao na bado sikubaliani. Mtu ambaye pesa yake iko mkononi mwa mwingine atagonga kiti mara mbili kwa woga. Atafikiria kwanza kama ana haki ya kutunyima chakula cha jioni. Nataka mkono wake uwe mwepesi.

Kitindamimba hatumlipi wala hatumkodishi kwa mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, hata kazi nyepesi, na mbali na sheria, ana shule. Nanenane ikifika shule zikiwa wazi anabaki kwa bibi yake Mbagala. Hupenda kulia siku ya kuondoka, hata sasa ambapo sauti imeanza kuwa nzito. Namwachia ngoma ndogo na kumwomba bibi amvumilie.

Mwaka huu binti yetu yuko mwaka wa mwisho wa chuo, Morogoro. Aliporudi likizo alikaa nasi siku kadhaa akifanya mazoezi kama kawaida, kisha jioni moja, baba yake alipokuwa akifuta viti, akasema, "Baba, mimi viti nimemaliza." Mume wangu aliendelea kufuta. Hakuna aliyeuliza. Asubuhi, baada ya chai, tulikaa, na swali likawa lilelile. Alisema bega la kulia haliamki tena vizuri baada ya mazoezi, na kwamba hataki kungoja mpaka lisiamke kabisa. Tukamaliza kwa dakika chache.

Kwa hiyo sasa tunatafuta namna nyingine ya kufunga onesho. Kaka yake anafanyia mazoezi fimbo za visahani juu ya baiskeli ndefu ambayo shemeji ameiunga mwenyewe, na bado visahani viwili vya mwisho vinaanguka. Nanenane ijayo tumechagua Morogoro ili tuwe karibu na chuo chake. Amesema atashika maiki, nami nitabaki na ngoma tu, na ameniomba nimwandikie maneno ninayowaambia watu kabla ya kuzungusha bakuli. Nimemwambia hayaandikwi, aje siku mbili kabla asikilize.